Soksi Moja ya Njano: Tunamkumbuka Letisia Akonaay

Wasikilizaji wapendwa, habari za huko mliko? Wa Tumati, wa Bashay, wa Nambis, na ninyi wa Katesh mnaofungua maduka saa hizi, vuteni viti. Wazee wetu, shikamooni.

Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Letisia Akonaay. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Letisia Akonaay, mzaliwa wa Tumati, matroni wa bweni la wasichana kule Dongobesh kwa miaka ishirini na miwili. Amefariki mwezi uliopita kwa kisukari, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Amezikwa nyumbani kwao, Tumati.

Wengi mnamjua kama matroni. Mnajua alivyokuwa anaingia bwalo la chakula, anasimama mlangoni, haangalii sufuria, haangalii nani kavaa nini. Anaangalia wasichana wageni wamekaa na nani. Basi. Akishaona anaondoka.

Nilimuuliza binti yake, Hilaria, kwa nini mama alikuwa hivyo. Akacheka kidogo. Halafu akaniambia hivi, nimerekodi kwenye simu yangu: "Mdogo wangu, mama alisema akifa hii habari isizikwe naye. Alitaka wasichana waisikie. Wewe isimulie, mimi nitalia."

Haya, wapendwa. Naisimulia.

Turudi mwaka 1986. Letisia ana miaka kumi na minne, yuko darasa la sita. Baba yake, Mzee Akonaay, amepata kazi ya kuendesha kombaini kwenye shamba moja la ngano la serikali, kule Hanang. Kombaini, kwa vijana wenzangu, ni lile limashine linalovuna ngano na kuipukuchua hapohapo. Enzi zile ukiendesha kombaini wewe ni mtu. Familia ikafungasha magodoro, kuku na mtungi, ikatoka Tumati kwenye migomba na vilima, ikashushwa kwenye tambarare ambayo Letisia hakuwahi kuiona. Ngano mpaka macho yanachoka. Wakapewa kota ya vyumba viwili. Kota ishirini, bomba la maji moja.

Kabla sijaenda mbali, shikeni jambo hili. Miezi miwili kabla ya kuhama, mama yake Letisia aliharibikiwa mimba. Wairaqw wenzangu mnajua maana yake. Kwa desturi ya wazee, nyumba ile inaingia metimani. Yaani mnajitenga kwa miezi. Hamli na watu, hamchangii kikombe, hamchoti maji pamoja na wenzenu, mpaka siku ziishe. Kanisani padri anasema anavyosema, lakini miaka ile ukimwambia mtu wa Mbulu metimani ni mchezo, anakuangalia mara mbili.

Sasa baba akafanya kosa. Kosa la mtu wetu kabisa. Aliyenisimulia hili ni kaka yake Letisia. Hapana, samahani, ni mdogo wake, Tluway, wakati huo ana miaka minane. Anakumbuka maneno ya baba kwenye lori: "Kule ni kwa serikali. Kule kuna makabila yote. Metimani tumeiacha Tumati. Mtu asiseme neno."

Baba alidhani desturi inabaki nyuma kama jiwe la kusagia. Kumbe nusu ya zile kota wamejaa watu wa Mbulu!

Na mama mwenyewe hakuiacha. Alijitenga kimyakimya. Alikuwa na kikombe chake. Alichota maji mchana wenzake wakiwa wamelala. Wanawake wakimpa mkono, anasema ameungua kidole. Kidole gani hakiponi miezi yote, wapendwa?

Letisia akaenda shule. Shule ya pale shambani. Siku ya kwanza, hana anayemjua, amesimama karibu na ukuta, sketi imepanda juu ya magoti maana amekua haraka. Akaja msichana. Mimi nitamwita Fabiola. Siyo jina lake, yuko hai, tumstahi. Baba yake ni fundi mkuu wa karakana. Fabiola ana viatu vyeusi vya kufunga na soksi za njano. Watoto wengine pekupeku.

Akamtazama Letisia juu mpaka chini. "Wewe ndiye mtoto wa kombaini?"

"Ndiyo."

"Una rafiki?"

"Bado."

Fabiola akainama, akavua soksi yake ya mguu wa kushoto. Akampa. "Vaa. Mimi moja, wewe moja. Mtu akituona ajue wewe ni wangu."

Jamani! Hana hata kiatu cha kuvalia! Letisia akaivaa hivyohivyo, akatembea na soksi moja kwenye vumbi, amenyoosha shingo kama kapewa cheo. Tluway anasema: "Dada alikuwa anaifua kila jioni. Sare ya shule haifui. Soksi anaifua."

Ilikuwa tamu mwanzoni. Fabiola anamletea kipande cha mkate. Fabiola anamsuka. Fabiola anampigia mtu kelele akimcheka Letisia kwa Kiswahili chake cha kuburuta. Lakini polepole kukawa na masharti. Usikae na yule. Usirudi nyumbani bila mimi. Mbona ulicheka na Tekla, alikwambia nini, niambie neno kwa neno. Na Letisia naye akashikwa. Fabiola akikaa na msichana mwingine, hata dakika tano, Letisia anazihesabu. Wivu, wapendwa. Wivu siyo wa waume na wake tu. Alimwambia Hilaria miaka mingi baadaye: "Nilikuwa naangalia vidole vyake kama amemshika mtu. Masomo yote siyasikii. Naangalia vidole."

Siku moja wanarudi shule, Fabiola akasimama njiani.

"Mbona mama yako hachoti maji na wenzake?"

"Ana kazi mchana... namaanisha asubuhi."

"Letisia. Mimi nakuambia kila kitu. Baba yangu akilewa nakuambia. Wewe unanificha."

"Sikufichi."

"Basi nirudishie soksi."

Akasema. Alisema yote. Mimba, metimani, maneno ya baba kwenye lori. Fabiola akamkumbatia. Akamwambia, "Sasa ndiyo rafiki." Na Letisia alirudi nyumbani akiwa mwepesi, ana furaha! Hakujua amekabidhi nini.

Sasa anaingia mtu wa tatu, mshikeni vizuri huyu, msihofu majina. Saumu. Saumu Halfani. Baba yake Mzee Halfani alikuwa na duka Katesh, akafungua lingine dogo pale senta ya shamba. Saumu alihamia shule mwezi wa saba, ngano imeiva.

Msimu huo kombaini ikishapita, wanawake na watoto waliruhusiwa kuokota masuke yaliyobaki chini. Jumamosi moja Fabiola alikuwa na homa. Letisia akaenda kuokota peke yake. Akamkuta Saumu anaokota suke moja moja kama anachagua shanga.

"Dada, hivyo utajaza gunia Krismasi," Letisia akamwambia.

"Krismasi yenu au Idi yetu?"

"Zote mbili zitapita."

Wakacheka. Letisia akamwonyesha namna ya kukunja kanga kiunoni iwe mfuko, unaokota kwa mikono miwili. Wakaokota mpaka jua la saa tisa. Saumu leo ni mama mtu mzima, ana duka lake Katesh. Nilimpigia, akaniambia: "Hakuniuliza mimi ni nani wa nani. Aliniuliza mgongo unauma? Nikasema unauma. Akasema wa kwangu pia. Ndiyo ukawa urafiki."

Jumatatu Fabiola akawa ameshasikia.

"Umeokota na Mswahili wa dukani."

"Ulikuwa unaumwa."

"Kwa hiyo nikiumwa unatafuta mwingine? Nikifa je?"

Hakupigana. Hakutukana. Alitabasamu. Saa nne, mapumziko, wanafunzi wamezunguka pipa la maji. Kuna kikombe kimoja cha bati, kinazunguka. Letisia anakipokea, na Fabiola akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataja siku ya wiki: "Huyo asiguse. Kwao kuna metimani. Wamekimbia nayo kutoka Tumati."

Kikombe kikadondoka. Watoto wakarudi nyuma. Wengine hawakuelewa hata maana, wale wa makabila mengine, lakini wakiona wenzao wamekimbia, nao wakakimbia.

Mpaka jioni habari ilikuwa imefika kota zote. Na hapa, wapendwa, siyo mambo ya watoto tena. Jirani aliyekuwa anawauzia maziwa akageuza ndoo. Shambani, madereva wa kombaini walikuwa wanakula kwenye sinia moja. Siku ile Mzee Akonaay alisogea, wenzake wakainuka mmoja mmoja, huyu anaenda kuangalia tairi, huyu anaenda kujisaidia. Mzee akala peke yake amekaa kwenye ngazi ya mashine. Wiki haijaisha, watu wakaanza kusema waende kwa meneja, familia hii iondolewe kota. Kota ikienda, kazi inakwenda. Na mama ndani, mlango umefungwa, anajua watu wanasema ameleta uchafu kwa siri. Mama hakujua nani kasema. Baba hakujua. Letisia tu ndiye aliyejua.

Fabiola akamfuata nyuma ya darasa.

"Ninaweza kuirudisha," akasema. "Nitawaambia nilidanganya. Nitakuja kwenu ninywe maji kwenye kikombe cha mama yako, watu wakiona. Baba yangu ni fundi mkuu. Nikinywa mimi, wote watakunywa."

"Fanya hivyo. Tafadhali, Fabiola."

"Saumu basi. Usimsalimie hata."

Mnasikia? Mama upande huu, Saumu upande huu, na anayeshika mizani ni yuleyule aliyewasha moto. Letisia alikuwa na miaka kumi na minne. Akakubali.

Saumu alimkuta njiani siku ileile, amebeba karanga kwenye karatasi. "Letisia, nimekuletea."

Letisia akapita.

"Letisia? Nimekukosea nini?"

"Usinifuate."

Nyuma yake Fabiola akacheka. Saumu anasema karanga hakuzila, alimpa mbuzi. "Mpaka leo nikikaanga karanga nachukia," akaniambia. Halafu akacheka mwenyewe.

Basi Letisia akasubiri. Fabiola akasema nitakuja kesho. Kesho ikapita. Akasema Jumamosi. Jumamosi ikapita. Letisia akamuuliza. Fabiola akasema, "Bado sijakuamini." Siku iliyofuata Letisia anaingia darasani, anaona Tekla amekaa mahali pake. Tekla yuleyule aliyekuwa haruhusiwi kucheka naye. Na Tekla mguuni ana soksi ya njano! Maana Fabiola alikuwa amemwambia Letisia aipeleke ifuliwe kwa kina Fabiola, kwa sabuni nzuri, na yeye akaipeleka.

Hili Letisia hakulificha kwa binti yake. Hilaria anasema: "Mama alisema aibu ya nyumbani haikumuuma kama ile soksi. Alitamani kumng'oa Tekla mguu. Bibi amefungiwa ndani, babu anakula peke yake, na yeye analilia soksi. Alisema, mwanangu, hapo nilijiona nimeoza."

Akarudi nyumbani saa sita mchana, shule haijaisha. Mama yake alikuwa anachambua maharage. Letisia akapiga magoti.

"Mama, ni mimi niliyesema."

Mama akaendelea kuchambua.

"Nilimwambia Fabiola. Alisema marafiki hawafichani. Sasa anasema atasema kwamba alidanganya, nikimwacha Saumu. Nimemwacha Saumu. Na bado hajasema."

Tluway alikuwa mlangoni, anakumbuka. Anasema mama alitafuta punje moja mbovu muda mrefu sana, halafu akauliza: "Atasema alidanganya?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini hakudanganya."

Mama akaweka maharage kando.

"Yule mtoto ametupata wapi?" mama akasema. "Ametupata kwenye kuficha kwetu. Baba yako ameficha, mimi nimeficha, wewe umebebeshwa. Futa machozi, niletee ndoo."

Siku zote anachota mchana peke yake. Asubuhi ya pili yake alikwenda saa moja, wanawake wamejaa bombani, ndoo zimepangwa mstari. Letisia akamfuata kwa mbali. Mama akasimama hatua ishirini, hakusogea zaidi. Akasema kwa Kiiraqw, halafu akarudia kwa Kiswahili ili wa makabila mengine nao waelewe:

"Mama zangu, dada zangu, ni kweli. Nilipoteza mtoto. Siku zangu hazijaisha. Niliogopa kwa sababu ya kazi ya mume wangu, nikawaficha. Nimewakosea. Msinipe mkono. Msinywe kwangu. Nitakaa mpaka siku ziishe, na ninyi mtakaa mkijua."

Maji yanamwagika, mtu hafungi bomba.

Kulikuwa na mama mkubwa pale, wakimwita Mama Bura, mtu wa Bashay. Ndiye aliyekuwa anasema kwa nguvu kuliko wote kwamba wafukuzwe. Akajifunga kanga vizuri. Akasema: "Ungetuambia siku ile mlipofika! Tulikuwa tumekasirikia kufichwa. Sasa umesema, tunajua pa kukanyaga. Jamani, mwacheni achote wa kwanza, alfajiri. Na nani ana maziwa? Anayejitenga hafi njaa."

Wapendwa, hiyo ndiyo desturi ambayo watu wanaisahau. Inatenga, lakini ina mkono wa pili. Kuanzia siku ile, kila jioni mtu aliacha kitu kwenye jiwe karibu na ua wao. Unga. Maziwa. Mara moja kuku mzima, amefungwa miguu, anapiga kelele. Habari ya kwenda kwa meneja ikafa. Siku zilipoisha, wanawake walikuja kumtoa mama kwa desturi, wakakaa, wakanywa, wakaimba mpaka Mzee Akonaay akaomba alale kidogo maana ana zamu.

Na Fabiola? Alikuja asubuhi ileile ya bombani, anakimbia, hajafunga viatu. Akamshika Letisia mkono. "Leo nasema. Leo nakwenda kuwaambia nilidanganya."

Letisia akamwambia, "Mama ameshasema."

"Amesema nini?"

"Kweli."

Fabiola akaachia mkono. Hakuwa na kitu tena cha kushikia.

Msidhani Letisia alishangilia. Alitaka kumwita arudi. Aling'ata shavu kwa ndani mpaka likatoka damu, hakumwita.

Bado kulikuwa na Saumu. Alikwenda dukani. Mzee Halfani yuko mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Saumu yuko nyuma, anapima sukari."

Saumu hakuinua kichwa. "Unataka sukari au chumvi?"

"Nataka kuongea."

"Hiyo hatuuzi."

Akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena. "Sukari au chumvi?" Akarudi. Siku ya tatu Saumu alikuwa anahangaika na gunia, mdomo wa gunia unajifunga, sukari inamwagika. Akamwangalia Letisia pale mlangoni, amesimama kama mwizi. Akasema, "Sasa unaangalia nini? Shika huku."

Letisia akashika. Walipomaliza gunia lile, wakaanza lingine. Neno samahani lilikuja siku nyingi baadaye, Saumu anasema hakumbuki hata lini. Lakini gunia analikumbuka.

Wapendwa, nilidhani habari imeishia hapo, nikataka kuzima simu. Tluway akaniambia, ngoja. Akaniambia dada yake, akiwa mtu mzima, matroni, ana watoto, alikuwa akienda mnadani Katesh na kumwona Fabiola anatembea na mama mwingine wanacheka, anageuza njia. "Nilimuuliza, dada, bado? Akasema, bado kidogo. Akasema, Tluway, mimi sikuacha kumwonea wivu. Niliacha kumfuata."

Niliacha kumfuata. Nimeyasikiliza maneno hayo kwenye simu sijui mara ngapi.

Sasa niwapeleke msibani, Tumati, mwezi uliopita. Wanawake wamekaa chini, karibu na jeneza amekaa Saumu. Alikuja jana yake, amepika, hajalala. Akaingia mama mmoja amevaa vizuri, wengi hawamjui. Akapita katikati ya watu mpaka mbele. Akasimama juu ya Saumu. Akasema, watu wakisikia: "Nipishe. Mimi ndiye niliyekuwa rafiki yake. Wewe ulimkuta."

Miaka thelathini na tisa, wapendwa. Thelathini na tisa!

Wanawake wakaanza kunung'unika. Tluway akainuka, amekasirika. Hilaria anasema alitaka kumshika yule mama na kumtoa nje. Saumu akawanyooshea mkono wakae. Nilimuuliza Saumu kwenye simu: mama, ulifanya nini? Akanijibu, sauti imechoka, nyuma nasikia watu wanaagiza mafuta ya taa dukani kwake:

"Nikasogea. Nikampa nafasi, akakaa, akalia sana. Mwanangu, ningegombana naye kwa ajili ya nini? Letisia alishachagua, zamani, akiwa hai."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Hilaria na wadogo zake, kwa Mzee Tluway, kwa ukoo wa Akonaay wote pale Tumati, kwa wasichana wa bweni la Dongobesh ambao wamempoteza matroni wao, na kwa mama Saumu Halfani wa Katesh. Poleni sana. Na yule mama niliyemwita Fabiola, kama unasikia, pole na wewe. Umefiwa na wewe.

Na wewe binti uliyehamia shule mpya muhula huu, upo pale kwenye ukuta na sketi imekuwa fupi. Mtu atakuja kukuambia wewe ni wangu. Itakuwa tamu, sikudanganyi. Mwangalie siku utakapocheka na mtu mwingine. Angalia uso wake. Halafu nenda nyumbani, umwambie mtu mzima ulichokiona, hata kama anachambua maharage.

Letisia Akonaay, matroni, pumzika kwa amani.